Nimeacha sigara ili mapafu yaniruhusu kuzamia na mtungi (uzi wa safari nzima, mnaopambana na hili karibuni)

PumziNdefu (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Uzi utakua mrefu kwahiyo mwenye haraka apite atarudi akitulia.

Nimevuta sigara miaka 12, wastani 15 kwa siku, siku za mawazo pakiti nzima inaisha. Nimejaribu kuacha mara tano. Ya kwanza niliogopa kansa, ya pili niliogopa moyo, ya tatu nilimwahidi mtu niliyempenda, mbili za mwisho hata sikumbuki sababu, na zote nilirudi maana kansa iko miaka ishirini mbele na arosto iko hapa hapa saa hizi inakusubiri. Safari hii nina siku 4 na kilichonifikisha hapa ni maji.

Toka mdogo nina hamu ya kuzamia kwa mtungi, kukaa chini kule napumua natazama samaki, sio kuchungulia kwa juu. Mwaka huu nikajiandikisha kozi ya mwanzo. Wanakupima kuogelea, mita 200 mfululizo bila kusimama, hakuna muda maalum na staili unachagua mwenyewe, alafu unaelea dakika 10. Nikaona jambo dogo maana kuogelea najua. Bwawa lina urefu wa mita 25 kwahiyo ni urefu nane tu. Wa kwanza poa. Wa pili poa. Wa tatu kifua kikaanza kubana kama mtu kakizungushia mkanda anavuta tundu moja moja. Wa nne nikashika ukingo nikakohoa mpaka machozi yakatoka, nikatema kwenye mfereji wa pembeni, kohozi la kahawia.

Mwalimu alikua kachuchumaa pale pale. Hakunisema. Akauliza tu "unavuta ngapi kwa siku?" nikamwambia ukweli. Akasema kushuka hakunipi shida sana juu yako, kinachonitisha ni kupanda.

Sikumwelewa, akanielewesha, na ndo maneno yaliyonigeuza kwahiyo naomba niyaweke hapa taratibu. Juu ya maji mgandamizo tunauita 1. Ukishuka mita 10 unakua 2, mita 20 unakua 3, mita 30 unakua 4. Hewa unayovuta kwenye mtungi inakujia kwa mgandamizo wa pale ulipo, kwahiyo ukijaza mapafu ukiwa mita 10 na ukapanda nayo mpaka juu, hewa ile ile inataka nafasi mara mbili. Hii ni kanuni ya Robert Boyle, ya tangu 1662. Ndo maana kitu cha kwanza unachofundishwa ni USIBANE PUMZI, pumua muda wote. Mtu aliyejaza mapafu akabana anaweza kuumia kwa kupanda mita 1 na kidogo tu, yaani kina cha bwawa la watoto.

Sasa njoo kwa mvutaji. Yeye anaweza kufuata sheria, anapumua vizuri kabisa, lakini ndani kuna mrija mwembamba umezibwa na kohozi, au umevimba, na nyuma yake kuna vifuko vya hewa vimejaa. Ile hewa haina pa kutokea. Yeye habani pumzi, mapafu yake ndo yanambania. Akipanda hewa inatanuka, kifuko kinapasuka, hewa inaweza kuingia kati ya pafu na ukuta wa kifua pafu likasinyaa, au ikaingia kwenye damu ikaenda hadi kwenye ubongo ikafanya kama kiharusi.

Nikaangalia lile kohozi langu pale kwenye mfereji.

Nikamwambia mwalimu naomba niahirishe kozi, narudi miezi mitano. Akasema rudi ukiwa tayari, nafasi yako ipo. Nimeweka tarehe ukutani. Nitakua naleta mrejesho hapa, mazuri na mabaya.

---

Mapezi_Mekundu

Mkuu hongera sana kwa siku 4. Ila nitasema ninachokiona, nimezamia mara nyingi na mimi mwenyewe navuta miaka 25 sasa, na kwenye boti karibu zote nilizopanda kuna mtu anawasha kabla ya kuvaa mtungi na mwingine anawasha akitoka. Hawafi. Isijekua huyo mwalimu kakutisha kupita kiasi ukaacha kitu unachokipenda.

---

KasaMzee

Salaam kwenu. Mimi nafundisha kuzamia mwaka wa 17 huu, niruhusuni nimjibu ndugu yangu wa mapezi mekundu kwa heshima.

Ni kweli wapo wengi wanaovuta na wanazamia na wengi wao wanarudi salama. Lakini anayewasha kabla ya kuvaa mtungi anakunywa kaboni monoksaidi muda mfupi kabla ya kwenda mahali ambapo hewa ndo kila kitu. Ile gesi inashikana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, yaani inakalia kiti cha oksijeni na haitoki kirahisi. Inachukua kama masaa 4 hadi 6 nusu yake kutoka ukiwa unapumua hewa ya kawaida. Mvutaji mzito anaweza kutembea na asilimia 5 hadi 10 ya damu yake imekaliwa hivyo, wakati asiyevuta yuko chini ya asilimia 2. Na nikotini juu yake inabana mishipa na kupandisha mapigo ya moyo. Alafu ukiingia majini maji yenyewe yanasukuma damu kutoka miguuni kuja kifuani, moyo unapewa mzigo wa ziada hata kabla hujapiga pezi. Na moyo ni moja ya sababu kubwa za vifo vya wazamiaji.

Na nikuonyeshe kwa mtungi. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo wa hewa) una lita 2400 za hewa. Unatakiwa kurudi na bar 50, hizo ni lita 600 huzigusi, zinabaki 1800. Mzamiaji anayetumia lita 16 kwa dakika akiwa juu, mita 20 atatumia mara 3, lita 48, anakaa dakika 37. Anayehema lita 25 anatumia 75, dakika 24 anaonyesha ishara ya kupanda na mwenzake aliyeko naye inabidi apande pia. Kwa miaka yote hii wanaoniishia hewa mapema ni waoga, wasiofanya mazoezi, na wavutaji. Mwoga anatulia baada ya mbizi tano sita. Mvutaji anabaki pale pale.

Mleta uzi mwalimu wako kafanya kazi yake. Nitakufuatilia.

---

Nuru_ya_Kina

Kaka PumziNdefu mimi ni dada niliyeacha miaka mitatu iliyopita, nazamia, na nina kitu kimoja ambacho hakuna mtu aliniambia na kilinitesa, naomba nikupe mapema. KAHAWA. Moshi wa sigara unalifanya ini livunje kafeini haraka, ukiacha kuvuta kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, kwahiyo vikombe vile vile vitatu ulivyozoea vinakupiga kama sita. Mikono inatetemeka, usingizi hakuna, moyo unaenda mbio, na wewe unasema ni arosto ya sigara unawasha moja. Mimi nilirudi mara mbili kwa hilo. Punguza nusu kuanzia leo.

Na wale mnaosema mtahamia kwenye sigara ya umeme au shisha ili mzamie, shisha ina mkaa unaoungua juu yake, kaboni monoksaidi ya kikao kimoja inazidi ya sigara. Sigara ya umeme haina ile gesi kama sigara ila nikotini iko pale pale na mirija bado inawashwa na kile kitu unachovuta. Kwenye fomu ya afya ya mzamiaji ya siku hizi, kama una zaidi ya miaka 45 unaulizwa kama unavuta au kuingiza nikotini kwa njia nyingine ya kuvuta. Wamelijumlisha makusudi. Ukijibu ndiyo unapelekwa kwa daktari akupime kwanza.

---

PumziNdefu

Dada Nuru ubarikiwe, leo ni siku ya 6 na jana usiku nimelala masaa matatu, na kahawa nilikunywa minne. Napunguza kuanzia sasa hivi.

Mkuu Mapezi nimekusoma na sijakasirika, mimi pia nilikua nasema hivyo hivyo.

Niwaambie inavyokua. Asubuhi nikitoka nje nakaa kwenye ngazi, mkono wa kulia unapanda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Sijauambia. Unaingia, vidole vinatafuta, havikuti kitu, na pale ndo arosto inaanza, kwenye vidole kabla hata ya kichwani. Nikaweka kidaftari kwenye huo mfuko, kidogo cha saizi ya pakiti. Mkono ukiingia unatoka na kidaftari, naandika saa, alafu naanza kupumua kama anavyofundisha mwalimu, naingiza taratibu kwa hesabu nne natoa kwa hesabu nane bila kubana katikati. Ile hamu kali haikai, dakika tatu hadi tano inapungua. Siku ya kwanza niliandika mara 31. Leo mara 19.

---

Tabibu_wa_Kifua

Hongera kijana. Nimefanya kazi wodi za kifua muda mrefu, nichangie machache ya kitabibu.

Siku tatu za mwanzo ndo kilele cha mateso ya mwili na umeshazivuka, baada ya hapo inashuka kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi nne. Kwa sigara 15 kwa siku unaweza kutumia bandiko la nikotini la ngozi, anayevuta zaidi ya 10 kwa kawaida anaanza la miligramu 21 kwa wiki sita, kisha 14 wiki mbili, kisha 7 wiki mbili. Wanaotumia msaada wanafanikiwa kuliko wanaokaza meno peke yao, hakuna aibu hapo.

Lakini wewe ni mzamiaji mtarajiwa kwahiyo sikiliza. Kuna dawa ya vidonge ya kuacha sigara inaitwa bupropion. Ni dawa nzuri kwa watu wengi ila inashusha kizuizi cha degedege ubongoni, na degedege chini ya maji maana yake regyuleta (kile kifaa cha mdomoni cha kupumulia hewa ya mtungi) inatoka mdomoni na mtu anazama. Ukienda kwa daktari mwambie wazi kwamba unataka kuzamia KABLA hajaandika dawa. Ipo nyingine, varenicline, nayo ina kichefuchefu na ndoto za ajabu kwa baadhi ya watu, hivyo hivyo mwambie. Usizamie huku unatumia dawa yoyote ya aina hii bila daktari anayejua mambo ya kuzamia kukubali.

Na utakohoa. Watu wanashangaa mbona nimeacha ndo nakohoa zaidi. Ndani ya mirija kuna vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kufagia uchafu kuja juu, moshi unavilaza. Ukiacha vinaamka na vinakuta kazi ya miaka 12 inawasubiri. Wiki hadi miezi. Kipindi hicho usizamie kabisa hata kama unajisikia una nguvu, maana makohozi yanatembea na ndo yanaziba. Ukiona damu, au maumivu ya kifua, au unakonda bila sababu, nenda hospitali usisubiri.

---

PumziNdefu

Siku ya 19. Naandika kwa uchungu wakuu. Jana nimevuta.

Nilikwaruzana na mtu kazini, maneno makali, nikatoka nje na pale nje kulikua na mwenzangu kashika pakiti wazi, sikuomba, alinyoosha tu kama alivyonyoosha miaka yote. Nimevuta nusu. Kichwa kikazunguka, mdomo ukawa mchungu, nikaizima na kiatu. Alafu nikakaa kwenye ngazi nikawaza nimerudi sifuri. Nimelala vibaya. Asubuhi nilipandisha ngazi za ofisini ghorofa nne nikajihisi kama kifua kimerudi kule, ingawa najua nusu sigara haiwezi kufanya hivyo kwa usiku mmoja.

Nashukuru sikununua pakiti.

---

Nuru_ya_Kina

Kaka hapo hapo simama. Hujarudi sifuri. Siku 18 mwili ulipumzika na hizo hakuna anayekunyang'anya. Kilichoniangusha mimi mara zote mbili haikua ile sigara moja, ni lile wazo la "basi nimeshaharibu" linalokupeleka dukani. Huyo mwenzako mfuate leo, mwambie kwa upole naomba usininyooshee tena, naacha kwa sababu hii na hii. Watu wengi ukiwaambia sababu wanakulinda.

---

KasaMzee

Endelea kuogelea. Usipime kwa siku za kalenda tu, pima kwa urefu wa bwawa. Bwawa halidanganyi.

---

PumziNdefu

Wiki ya 7. Nilimfuata yule mwenzangu. Alikaa kimya, alafu akaniambia kumbe kifua chako kilikua kibaya hivyo, na tangu siku hiyo akitoka kuvuta anapitia mlango mwingine. Sikumwomba hilo.

Kukohoa: wiki ya tatu na ya nne ilikua hatari kama Tabibu alivyosema, kila asubuhi nainama kwenye sinki dakika kumi, rangi ikaanza kahawia ikaenda njano ikaenda nyeupe. Sasa ni mara chache.

Kuogelea: mara tatu kwa wiki. Kidaftari kinasema wiki ya pili urefu wa 4, wiki ya nne urefu wa 5 (nilikaa hapo wiki nzima nikakata tamaa), wiki ya sita 7, na juzi 9 bila kushika ukingo. Niligundua kitu, shida yangu kubwa ilikua kutoa hewa na sio kuingiza. Nilikua naingiza juu ya hewa ambayo haijatoka, kifua kinajaa hewa iliyotumika, nahema juu juu. Nikaanza kutoa hewa ndani ya maji taratibu mpaka mwisho kabla ya kugeuza kichwa. Ule mkanda ukalegea.

Mapigo ya moyo nikiamka yalikua 86, leo 73.

Masikio pia. Hili sikulitegemea. Nilikua nikienda chini hata mita 3 kwenye bwawa refu sikio la kushoto linauma na haliachii. Sasa nikibana pua nikasukuma kidogo tu linafunguka, tik, yote mawili.

Uzito umeongezeka kilo 4. Nimekubali.

---

Tabibu_wa_Kifua

La masikio lina maelezo. Moshi unavimbisha ngozi laini ya pua na koo mpaka kwenye ule mrija mwembamba unaounganisha koo na sikio la kati. Uvimbe ukipungua mrija unafunguka. Na usije ukafunika tatizo hilo kwa dawa ya kuzibua pua ukaenda kuzamia, dawa ikiisha nguvu ukiwa chini hewa inakwama njiani wakati wa kupanda. Hapo uchungu wake ni mkali na huwezi kukaa chini milele.

Uzito kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza ni kawaida. Usijinyime chakula na sigara kwa wakati mmoja.

---

Mapezi_Mekundu

Nimekua nasoma kimya kimya. Nina swali kwa daktari. Nasikia kuna kipimo cha mapafu cha kupuliza, ni lazima? Nikiwa nazamia sina shida yoyote, ni nikibeba mitungi miwili kutoka kwenye gari ndo nahema.

---

Tabibu_wa_Kifua

Ndugu yangu hiyo ya mitungi usiichukulie juu juu. Ukiwa majini uzito unabebwa na maji kwahiyo mapafu hayajadaiwa. Siku mkondo ukikuvuta yatadaiwa yote kwa pamoja, na ukiwa mita 30 hewa ni nzito mara nne, uwezo wako wa juu kabisa wa kuhema unashuka kama nusu ya ule wa juu. Mtu aliyeshapoteza sehemu ya mapafu anapoteza nusu ya kilichobaki.

Kipimo ni rahisi. Unavuta hewa yote unayoweza, unapuliza kwenye bomba kwa nguvu zote mpaka iishe. Wanaangalia kiasi ulichotoa sekunde ya 1 ukilinganisha na chote ulichotoa. Ikiwa chini ya 0.70 hata baada ya dawa ya kufungua mirija, mirija imeshakua myembamba na mara nyingi hairudi kama zamani. Una miaka mingapi?

---

Mapezi_Mekundu

47.

---

Tabibu_wa_Kifua

Nenda wiki hii.

---

PumziNdefu

Mwezi wa 5. Wakuu naleta mrejesho wenyewe.

Wiki tatu zilizopita nilipimwa. Yule dada wa maabara anakubana pua kwa kibanio, anapiga kelele puliza puliza puliza usiache bado bado, mpaka nikaona nyota. Nilipata 0.76. Picha ya kifua safi. Daktari kaniambia kwa ukweli kwamba nilichopoteza miaka 12 sehemu yake hakirudi, ila kasi ya kupoteza imeshuka karibu na ya mtu asiyevuta. Akasaini fomu. Nikakaa kwenye benchi pale nje na hiyo karatasi kama dakika kumi bila kufanya chochote.

Mita 200 nimemaliza, nikaelea dakika 10, mwalimu yule yule kachuchumaa pale pale ukingoni. Safari hii hakuuliza kitu.

Jana mbizi ya bahari. Tulishuka kwa kamba taratibu, kila mita moja nasawazisha masikio. Tukafika mita 12, wastani wetu ilikua kama mita 9. Kitu ambacho sikukitegemea ni sauti. Nilidhani chini kuna ukimya, kumbe unasikia pumzi yako tu, kuingia kama mtu anavuta kitu kwenye bomba, kutoka mapovu yanapita kwenye mashavu na masikio. Miaka 12 sijawahi kuisikiliza pumzi yangu hivyo. Nilikua nasubiri ikwaruze. Haikukwaruza. Kulikua na samaki mdogo wa mistari kasimama mbele ya maski yangu, na kila nikitoa hewa anarudi nyuma kidogo, nikivuta anasogea.

Niliingia na bar 200, nikatoka na 70 baada ya dakika 34, mtungi wa lita 12.

Wakati wa kupanda ndo moyo ulidunda, nikakumbuka kila neno la siku ile. Polepole, chini ya mita 9 kwa dakika, natoa hewa natoa hewa. Mita 5 tukasimama dakika 3. Nimeshika kamba, nikaweka mkono mwingine juu ya kifua, naangalia saa ya mwalimu. Kifua kinapanda kinashuka.

---

KasaMzee

Nimekupigia hesabu. Umetumia bar 130, lita 1560, dakika 34 kwa wastani wa mita 9. Inakuja karibu lita 24 kwa dakika ukigeuza kuwa juu ya maji. Kwa mbizi ya kwanza baharini na hofu yote ile ni nzuri sana kijana, nina wanafunzi wasiowahi kushika sigara wanaotumia lita 30 kwa dakika. Ikifika mbizi ya kumi itashuka. Karibu majini.

---

Nuru_ya_Kina

Nimesoma hapo kwa samaki nikalia. Hongera kaka.

---

Mapezi_Mekundu

Hongera mkuu, kutoka moyoni.

Nimechelewa kujibu. Nilienda. Nimepata 0.64, wakanipa dawa ya kuvuta tukarudia ikawa 0.66. Daktari kasema nisizamie, na kwamba kwa mapafu haya hawezi kunisainia hata baadaye kama haitabadilika, na akasema nisitegemee sana kwamba itabadilika. Mapezi yangu yako kwenye kochi hapa nayaangalia. Nilikua nawacheka wanaoogopa fomu.

Kuogelea karuhusu, kasema hata ni vizuri, kwa utaratibu. Sigara leo ni siku ya tatu.

---

PumziNdefu

Mkuu pole sana. Sijui niseme nini, wewe ndo ulikua wa kwanza kunijibu hapa. Tununue kidaftari cha pili? Bwawa lako lina mita ngapi?

---

Mapezi_Mekundu

25. Nimetoka sasa hivi. Urefu mmoja na nusu, nikashika kamba ya katikati. Nimeshaandika.